Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Zanzibar: "?PID" si jawabu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Sisi ni makarani wa kumbukumbu za wagonjwa. Ombi letu linahusu kinachoandikwa mwanamke anapofika kituoni na maumivu ya tumbo la chini.

Mara nyingi faili huja na alama ya kuuliza na herufi tatu tu: "?PID". Daktari anashuku maambukizi ya via vya uzazi, hajathibitisha. Lakini kanuni za ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, zinaagiza kuwa ugonjwa uliobaki wa kushukiwa hadi mwisho wa matibabu, bila maelezo mengine, upewe msimbo kana kwamba umethibitika. Karani anaandika N73.9, msimbo wa PID, wala hajakosea. Mgonjwa akirudi mwezi unaofuata, anayefungua faili anakuta maambukizi, anampa antibaiotiki tena.

Sentensi moja ingetosha. Daktari akiandika "maumivu ya nyonga, ama PID ama endometriosisi" (tishu kama ya utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi), kanuni hizo hizo zinamruhusu karani kuchukua dalili yenyewe, R10.2. Maumivu ya hedhi nayo yana mahali pake: N94.4 yakiwa hayana ugonjwa nyuma yake, N94.5 yakiletwa na ugonjwa mwengine, N94.6 ikiwa bado haijulikani. Endometriosisi ni N80, na tarakimu baada ya nukta hutaja ilipo: N80.1 kwenye ovari, N80.3 kwenye utando wa nyonga. Ultrasaundi safi haithibitishi kuwa haipo, kwa hivyo "hana kitu" isiandikwe.

Tunaomba fomu ya wagonjwa wa nje, Unguja na Pemba, iwe na nafasi ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, jawabu la kipimo cha mimba, upande unaouma, muda wa maumivu, na kama yanazidi wakati wa hedhi, tendo la ndoa au haja. Kipimo cha mimba kisirukwe hata kwa aliyeona damu juzi: mimba nje ya kizazi, O00, hutoa damu ikadhaniwa hedhi. Suala la tendo la ndoa liulizwe faragha, si mbele ya mama mkwe aliyemsindikiza. Akisema ana chango, liandikwe hivyo hivyo, kisha aulizwe linamkamata wapi na siku gani.

Na karani apewe ruhusa kwa maandishi ya kurudisha faili lenye "?" kwa daktari kabla halijaingia kwenye mfumo. Hivi sasa anayerudisha huonekana mjeuri.

Wako watiifu,
Makarani wa kumbukumbu za afya, Unguja na Pemba