Sauti ya nyanya haimo

Voi, Jumapili usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, mvua bado, Kipara bado hajalipa deni langu. Najua barua yako ya mwisho sijaijibu. Unisamehe, maana nikianza na visingizio sitafika kwenye lililonikalisha hapa usiku huu.

Nimeharibu kitu. Jumanne nilikwenda na kamera kwa nyanya yako, kwa ile dokumentari ya wazee wa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, niliyokuchosha nayo tangu Krismasi. Alinipokea kwa utani wake ule ule, “mume wangu mwingine huyu, na bado hanenepi,” akanikalisha, kisha bila kuulizwa akaingia ndani na kutoka na mkebe wa babu. Wewe uliwahi kuuona ukifunguliwa? Mimi la. Mlikuwa na nyota yake ya Burma, ile nishani ya vita vya pili, na chini ya nyota, kipande, kile kitambulisho cha wakoloni. Chenyewe hasa, na kikopo chake cha bati na kamba ya kukivalia shingoni. Akaviweka mkekani, hiki kando ya hiki, akaanza kusema. Alisema karibu saa nzima.

Na sauti haikuingia hata chembe. Waya wa maikrofoni ulikuwa umechomoka na mimi, fundi mkubwa, nikashughulika na mwanga wa mlangoni. Picha ninayo, nzuri ajabu, mishipa ya mikono yake yote inaonekana. Midomo inacheza kama ya samaki.

Alisema babu aliporudi kutoka Bama (hivyo ndivyo anavyoiita), wiki ya kwanza tu alisimamishwa barabarani akiwa na koti la jeshi mwilini, akaulizwa kipande kiko wapi. Hakuwa nacho. Unajua ilivyokuwa: kabla sheria haijabadilishwa 1947, mwanamume Mwafrika akitembea bila kipande ni mhalifu. Wenzake weupe waliopigana vita hivyo hivyo wanatafutiwa mashamba nyanda za juu, yeye analala ndani. Tangu siku hiyo hakutamka neno la vita. Nyanya alijua mumewe alipita wapi kwa kumsikia akiita watu usingizini.

Mwalimu ananiambia tumtafute mama mwingine asome maneno hayo juu ya picha, eti nani atajua. Mimi nitajua! Basi nimekaa tu, narudia ile picha bubu mpaka betri inakwisha.

Utasema filamu ni filamu, si mwisho wa dunia. Lakini hapa hapa Voi, kwenye makaburi ya vita vya kwanza, ndipo alipokuja David Lammy, yule mbunge wa Uingereza, kwa ile dokumentari iliyoonyeshwa Uingereza 2019. Wazungu wana mawe yao yenye majina, yamepangwa safu. Wapagazi Waafrika walizikwa nje ya ua, hakuna jiwe. Tumepita pale mara ngapi tukienda zetu? Kamera ikageuzwa upande ule wa ua, tume yao ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikalazimika kuchunguza, na Aprili 2021 wakaomba radhi. Walikiri kuwa waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Huko Dar askari wenu wa shaba amesimama tangu 1927, wetu wa Nairobi 1928. Pale Nairobi wameandika kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka jiwe zima utafute jina moja. Hulioni.

Sasa nyanya. Nilirudi Alhamisi, nikapiga magoti, nikamweleza ule waya. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniumiza. Alisema tu, “Nimeshasema, mwanangu,” akaendelea kuchambua mchele. Baadaye, nikiwa mlangoni, akaongeza kwamba labda mume wake wa kweli akija atamsimulia yeye. Huyo ni wewe.

Kwa hiyo nakuomba uje. Sitakuwepo chumbani, nitakufundisha kubonyeza na kukagua waya, mimi nitakaa nje na kuku. Ukiona ni vibaya kumrudisha huko mara ya pili, niambie. Mimi mwenyewe sina hakika. Nimeanza kufikiri niiache picha bila sauti, lakini… tutazungumza.

Likizo yako ni lini hasa? Shangazi anajua habari za kipande, au na yeye alifichwa? Yale majina ya usingizini kuna aliyeyaandika? Na lile koti, nyanya anasema mlibaki nalo nyumbani kwenu: liko wapi? Au ndilo lile tulilokuwa tukilikunja na kulifanya mlingoti wa goli?

Ni mimi, somo yako