Futa hiyo aya ya pili kwanza

Mwanangu, mambo vipi,

Imeili yako nimeisoma kwenye daladala natoka Kariakoo, nikacheka peke yangu hadi konda akaniangalia, maana kuandika unajua na hilo sijawahi kukubishia. Ila hayo maneno unayotaka kuyaweka kwenye aya ya pili ya README, lile faili la maelezo ambalo mtu hulisoma kwanza akikutana na programu yako, usiyaweke. Angalau siyo wiki hii, bado una moto.

Tuanze na hiyo ya kuwaita wezi wale jamaa wa Nairobi waliochukua programu yako wakatengeneza toleo lao. Wezi kivipi? Programu ni yako sawa, kazi ya kugeuza saa za kompyuta ziwe saa zetu za Kiswahili uliifanya wewe, tena kwenye laptopu ya kuazima nakumbuka kibodi yake haina herufi N, lakini leseni uliyoweka ni MIT na uliichagua mwenyewe, mi nikakuuliza una uhakika ukasema poa tu. Hiyo leseni inamruhusu yeyote achukue, abadilishe, mpaka auze akitaka, mradi abakize tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe. Jana nimeingia kwenye ukurasa wa mradi wao nikafungua faili la leseni. Jina lako liko mstari wa juu, lao linafuata chini. Sasa mwizi gani anachukua ng'ombe halafu anaacha chapa ya mwenye ng'ombe mgongoni?

Halafu ile ya "Wakenya wenyewe Kiswahili kinawapiga chenga". Najua ni utani, tunataniana nao kila siku. Ila utani una wenyewe. Babu yangu alikuwa Mpare si unajua, basi siku ya msiba wake akaja mzee mmoja wa Kichaga, watani wa Wapare, akasimama karibu na jeneza anadai marehemu asizikwe kwanza, kuna deni lake la pombe tangu enzi za Nyerere, watu mbavu hawana, hata bibi alicheka na machozi yake usoni. Lakini huyo huyo mzee ndo alishika jembe wa kwanza kaburini, na alikuwepo mpaka matanga yanaanuliwa. Ndo maana aliweza kusema vile na hakuna aliyekunja uso. Wewe hao vijana hujawahi hata kuwasalimia, unaanzaje na matusi? Na anayesoma README yako anaweza kuwa mtu wa Goma au wa Muscat, hajui kama unatania au umekasirika, anaona tu mtu anatukana watu wazima.

Ngoja nikupe kisa kimoja, hiki nakipenda sana. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeandika Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia wanafunzi, alitoa tamko hadharani kwamba Linux, mfumo endeshi mwingine uliokuwa ndo kwanza unaanza, imepitwa na wakati. Hapo mwenye Linux, Linus Torvalds, ana miaka 22, mwanafunzi tu wa Helsinki, na alianza kuiandika akiwa anatumia Minix hiyo hiyo ya mzee. Profesa akamwambia ashukuru siyo mwanafunzi wake maana kwa ubunifu ule asingempa maksi za juu. Dogo naye akawaka, akamrudishia kwamba Minix ina kasoro za ajabu na kisingizio pekee cha profesa ni kwamba ana kazi nyingine. Baadaye moto ulipopoa akaomba radhi kwa ukali wake. Sasa sikiliza. Miaka 12 inapita, 2004 anatokea Mmarekani mmoja anaandaa kitabu, anadai haiwezekani Linus awe ameandika Linux mwenyewe, lazima aliiba Minix. Anapanda ndege mpaka Amsterdam kumhoji Tanenbaum, nadhani alitegemea yule mzee atafurahi kulipiza. Tanenbaum akaandika wazi wazi kwamba si kweli, Linus aliandika kazi yake mwenyewe. Na kwenye lile bishano lao la mwanzo hakurudi nyuma hata hatua moja, mpaka leo msimamo wake ni kwamba muundo wa Minix ndo bora! Huyo ndo mtani bwana. Anakusema, na kaburi anachimba.

Sisemi Linus alipona pale, la hasha, miaka mingi aliendelea kuwashushua watu, hadi Septemba 2018 alipoomba radhi mbele ya wote na kukaa pembeni wiki kadhaa, toleo la Linux la 4.19 likamaliziwa na mwenzake Greg Kroah-Hartman.

Mi mwenyewe sina usafi wowote hapa. Unakumbuka enzi zile naandika Microsoft kwa alama ya dola katikati kama vile nimegundua kitu. Kuna mama mwenye stationari aliniita nimwekee Linux, nikakaa pale nusu saa nzima naiponda Windows, takataka, ya wajinga, na yule mama mahesabu yake yote ya miaka sita yalikuwa humo. Akanisikiliza kwa adabu, akanipa soda, akasema atanipigia. Mpaka leo. Sidhani kama aliikataa Linux, alinikataa mimi.

Na kitu kingine, hujui mbele kukoje. Wale wa GCC, ile programu inayogeuza tunachoandika kiwe lugha ya mashine, mwaka 1997 baadhi walichoka kusubiri wakajitenga na kuanzisha toleo lao, EGCS, ikaenda kasi kuliko mama yake, na 1999 hiyo hiyo iliyojitenga ndo ikafanywa GCC rasmi, wakarudi meza moja. Fikiria ungekuwa upande wa zamani na ulishawaita wenzio wezi.

Sikuambii uwasifie. Kama yao ni nzito sema ni nzito na uoneshe, yetu faili moja, yao inaburuza vifurushi vingine vya programu kumi na moja, basi, msomaji ana akili ataamua. Badala ya "wameiharibu" andika "wao wamechagua njia nyingine, sisi tumebaki na ndogo kwa sababu hii". Watu wataelewa unachomaanisha usijali.

Sasa ile habari ambayo hutaipenda. Nimepitia kodi zao (za kompyuta, siyo za TRA) na wamerekebisha kile kitu nilichokuambia mwaka jana ukanidharau. Yako ikifika alfajiri inatoa sita kwa sita inaandika "saa 0 asubuhi", na jioni vile vile "saa 0 jioni". Wao wameweka mistari miwili tu, ikitokea sifuri iwe 12. Yaani hao ambao Kiswahili kinawapiga chenga! Ichukue, nao wameweka MIT, ila uwataje. Na ukiwaandikia anza na salamu, siyo kuingia tu kama askari wa jiji.

Nitumie tena ukishafuta. Kama kesho bado unataka kuwaita wezi nipigie kwanza tuongee, lakini iwe baada ya saa mbili, saa sifuri huwa nimelala.

Wako wa siku zote