Nani anahesabu ova za watoto hawa?

Mhariri,

Naomba makocha wa kriketi waiangalie migongo ya vijana wanaorusha mpira kwa kasi, ova baada ya ova (kila ova ni mipira sita). Mrushaji anapokita mguu wa mbele, mwili hupokea mshindo unaozidi uzito wake mara kadhaa, tena kiuno kikiwa kimepinda. Uti wa mgongo wa kijana haujakomaa, ndiyo maana mifupa hupata nyufa. Pat Cummins wa Australia alianza mechi za Test, yaani zile za kimataifa za siku tano, mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Majeraha, hasa ya mgongo, yalimweka nje ya Test hadi 2017.

Siku hizi kijana mmoja huchezea shule, klabu na akademia, na kila kocha anahesabu ova zinazorushwa kwake tu. Inauma sana! Liwepo daftari moja, mzazi alishike.

Mpenzi wa kriketi