Nimenunua duka kwa hesabu za uongo: nibatilishe mkataba au nidai fidia?

Ndugu Mshauri wa Sheria,

Nakuandikia kutoka Arua, Uganda, nikiwa na jambo linaloninyima usingizi. Mwezi Machi nilinunua duka la vifaa vya ujenzi kwa shilingi milioni 42 kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akisali msikiti mmoja na marehemu baba yangu. Nililipa milioni 32 siku ile ile, zikiwemo 15 nilizokopa SACCO, na tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC I (baraza la kijiji) kwamba milioni 10 zilizobaki nitazilipa kabla mwaka haujaisha.

Kabla ya kukubali nilimwomba hesabu. Alinionyesha daftari lenye mauzo ya kama milioni 9 kila mwezi, akaniambia kwamba wateja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, hununua saruji na mabati kwa fedha taslimu, na kwamba duka halidaiwi na mtu yeyote. Nilimwamini. Taarifa za benki sikuziomba, na hilo najilaumu, kwa sababu kumdai mzee kama yule ushahidi zaidi kulionekana kama kumvunjia heshima.

Katika miezi minne ya kwanza sijawahi kufikisha mauzo ya milioni 4. Kisha akaja mfanyabiashara wa jumla kutoka Kampala akidai milioni 6 za nondo zilizochukuliwa kwa mkopo mwaka jana, na mwenye nyumba naye akadai kodi ya miezi mitano. Kijana aliyeajiriwa dukani tangu zamani ndiye aliyenitolea daftari la pili, ambalo mwandiko wake ni ule ule wa mzee lakini mauzo yake hayafiki nusu ya yale niliyoonyeshwa. Nimelihifadhi pamoja na ujumbe wote wa simu tulioandikiana.

Duka halikuwa kampuni, bali jina la biashara lililosajiliwa URSB (ofisi ya serikali ya kusajili biashara), kwa hiyo naelewa kwamba madeni ya nyuma ni yake binafsi, ingawa wanaodai wanakuja kwangu. Nimeelezwa pia kwamba, kwa Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010, mtu aliyeridhia mkataba kwa kudanganywa ana hiari ya kuubatilisha, na kwamba kesi ya mkataba inaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Dai langu linazidi milioni 10, ambacho ndicho kikomo cha utaratibu wa madai madogo, lakini halizidi milioni 50 anazoweza kusikiliza Hakimu Mkuu.

Kinachonitatiza ni hiari yenyewe. Nikitaka kubatilisha, itabidi nirudishe duka kama nilivyolipokea, na bidhaa nyingi nilizozikuta nimeshaziuza. Nikiendelea kuuza baada ya kuujua ukweli, nahofia mahakama itasema kwamba nimeukubali mkataba kwa vitendo, hivyo nibakiwe na fidia peke yake. Mzee naye anashikilia kifungu kinachosema kwamba mnunuzi amelikagua duka na kulipokea kama lilivyo. Je, kifungu hicho kinaweza kumkinga mtu aliyeandika daftari la uongo kwa mkono wake?

Naomba pia kujua kama nina haki ya kuzuia zile milioni 10 hadi shauri liamuliwe, au kwa kuzizuia nitakuwa mimi ndiye niliyevunja mkataba. Shemeji yangu ananisukuma niende polisi kwa kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Mimi sitamani kumwona mzee yule gerezani. Natamani fedha zangu, na ningependa tuanze kwa usuluhishi mbele ya wakili, iwapo kufanya hivyo hakutanipunguzia haki ya kwenda mahakamani baadaye.

Wiki ijayo natarajia lori la saruji niliyoiagiza kabla sijaliona daftari la pili. Tafadhali niambie kama nilipokee.

Wako kwa heshima,
Msomaji, Arua