Barua kwa mwanangu anayekwenda Kigali

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo, tunashukuru. Bibi yako macho ndiyo yaleyale, na mdogo wako anakusalimu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikiuliza jambo unasema "mama, hayo ni mambo ya kawaida," halafu mazungumzo yanahamia kwenye nauli. Juzi, katikati ya kunieleza habari za chumba cha Kigali, ulisema ile programu yako ya maji kujaa na kupwa utamwachia "yule jamaa" anayekusaidia, kwamba umeshampa ruhusa ya kutoa matoleo mapya, kwa kuwa masomo yatakubana. Nikauliza yule jamaa ni nani. Ukasema ni mtu mzuri sana, anajibu haraka. Mwanangu, sikuuliza uzuri wake. Niliuliza ni nani.

Najua habari ya ile programu ya xz unaijua kuliko mimi. Niache niisimulie hivyo hivyo, kwa sababu nadhani wewe umeisoma kama habari ya mafundi wa kompyuta, na mimi nimeisoma kama habari ya mtoto wa mtu. Kuna bwana mmoja Mfini, Lasse Collin, aliyetunza ile programu ya kubana mafaili kwa miaka mingi, karibu peke yake, bila kulipwa. Kazi yake ikaingia kwenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, karibu kila kona ya dunia, na wengi walioitumia hata jina lake hawakulijua. Mwaka 2022 watu wakaanza kumwandikia hadharani: mbona unachelewa, mbona programu imelala, mpe mwingine. Naye akawajibu, hadharani vilevile, kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili kwa muda mrefu, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Jibu hilo nimelisoma mara nyingi. Nilijiuliza mama yake alikuwa wapi siku hiyo.

Pembeni alikuwepo msaidizi wa mtandaoni aliyejiita Jia Tan. Mpole, mchapakazi, anarekebisha hiki, anapanga kile, halalamiki. Waliokuwa wakimsukuma yule Mfini wengi wanaamini walikuwa kundi moja na yeye. Akapewa funguo, yaani ruhusa ya kutoa matoleo. Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0 likiwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye kompyuta za watu, Machi likafuata la 5.6.1. Mlango wenyewe ulifichwa ndani ya mafaili yaliyoitwa ya majaribio, na kipande cha kuuamsha hakikuwa kwenye msimbo, yale maandishi ya programu, ambao kila mtu anausoma. Kilitiwa kwenye kifurushi cha kupakua tu. Hadharani hakuna aliyekwisha kusema Jia Tan ni nani hasa. Miaka miwili mtu anafanya kazi nzuri ili siku moja afanye mbaya! Sasa ukiniambia yule wako ana mwaka mzima anakusaidia vizuri, hujaniondolea wasiwasi hata kidogo.

Aliyekamata ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye kazi yake ni hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa anapima kitu kingine kabisa. Akaona kuingia kwenye seva kutoka mbali, kwa njia iitwayo SSH, kunachelewa kama nusu sekunde, na prosesa inahangaika bila sababu. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaenda kunywa chai. Yeye akafuatilia mpaka akafika kwenye xz, akatangaza tarehe 29 Machi. Ilikuwa Ijumaa Kuu kwa wenzetu, na sisi tumo ndani ya Ramadhani. Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na katika ripoti za maabara jambo lililonikera kuliko yote ni mwanafunzi kufuta kipimo kinachokataa kukaa kwenye mstari. Springi inavutwa, nambari moja inatoka kombo, naye anaifuta ili grafu ipendeze. Wewe hukuwa hivyo. Ulikuwa unaniletea hiyo nambari kombo mezani, saa za kupika, na kuniuliza kwa nini. Ndiyo maana nashangaa kwa huyu jamaa hujauliza kwa nini. Kwa nini mtu asiyeijua bahari yetu ashughulike na maji ya Tanga usiku kucha?

Usinijibu kwamba mama anaogopa wageni. Programu huria, hizi ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, nilianza kuzipenda kabla yako. Zile kompyuta kuukuu za msaada pale shuleni zingekuwa meza tu kama si Linux. Windows mpya ilikuwa inazizimisha. Na ninajua nani anazitengeneza: watu wasiojuana. Ile helikopta ndogo Ingenuity iliporuka Mars tarehe 19 Aprili 2021, ndani yake mlikuwa na Linux, na GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao, wakawapa alama ya heshima watu karibu 12,000 ambao msimbo wao ulichangia safari ile, wengi wao wakiwa hawana habari kwamba kazi yao imefika huko. Mimi nililia, mdogo wako shahidi. Na si mambo ya Mars peke yake. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo walizunguka kwenye kata zinazofurika wakichora mitaro na vichochoro, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote, ili atakaye atumie. Nani angewalipia ramani ya namna ile? Kwa hiyo mgeni simkatai. Mgeni aje, alete kazi yake, isomwe mstari kwa mstari, akitaka chai apewe. Funguo za nyumba ni jambo jingine.

Na huwa ni programu ndogo hizi, zisizo na fahari. Desemba 2021 ilikuwa zamu ya Log4j kukutwa na tundu, programu ambayo kazi yake ni kuandika kumbukumbu za mfumo basi, inatunzwa na watu wachache wa kujitolea. Wachezaji wa Minecraft walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuona balaa: mtu anaandika mstari mmoja kwenye gumzo la mchezo, seva inamtii. Makampuni makubwa yalikesha wiki nzima kwa sababu ya kitu ambacho mengi yao hayakuwahi kukitolea hata senti. Hapo mimi huwa napandwa na hasira. Wanakula bure, likiharibika wanauliza mtunzaji yuko wapi.

Kwenye magemu tuna ugomvi wa zamani, na mengine sitaki tuyarudie. Ile kompyuta kufungiwa kabatini mwaka wa mtihani nasikia bado unawahadithia wenzako. Haya, wahadithie. Lakini waambie pia kwamba mama siku hizi usingizi ukimpaa anacheza Wesnoth, mchezo wa vita wa kompyuta, mpaka alfajiri, na majeshi yake yanashindwa. Mchezo umeanza 2003, bado watu wa kujitolea wanaushona, hakuna kununua vito, hakuna sanduku la bahati nasibu. Haya magemu ya simu ya mdogo wako nayaona ni kamari iliyovalishwa katuni, na msimamo huo sitaubadilisha. Na kama mtu ananiambia magemu ni upuuzi mtupu, namtajia Foldit, mchezo wa kukunja protini wa Chuo Kikuu cha Washington. Mwaka 2011 wachezaji wake, wengi hata si wanasayansi, walipata umbo la kimeng'enya cha kirusi cha nyani kilicho ukoo mmoja na VVU, kwa wiki tatu tu, jambo lililowashinda wataalamu zaidi ya miaka kumi. Hukuniambia wewe, nilisoma mwenyewe. Ningependa uwe unaniambia vitu kama hivi badala ya "niko poa mama".

Turudi kwa jamaa yako. Programu yako siyo ya Mars. Inamwambia mtu maji yatakuwa juu saa ngapi. Jirani yetu mvuvi ameiweka kwenye simu, na pale ufukweni Deep Sea wapo wengine wanaoiangalia asubuhi kabla ya kusukuma ngalawa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye mlango wa mto Pangani mtu akikosea saa moja amekwama kwenye mchanga au amekutana na mawimbi yasiyo yake. Sisemi jamaa atawazamisha. Pengine hata hajui Pangani iko wapi. Ila akitaka kuingia kwenye simu za watu, hahitaji kuharibu hesabu ya maji. Anahitaji toleo moja lenye jina lako, kwa sababu wewe wanakuamini. Mzee mmoja aliniambia msikitini, "programu ya kijana wako haidanganyi." Nilijisikia vizuri, kisha usiku sikulala.

Hesabu zako nimezipitia zote, kwa kalamu. Ile duru kuu ya mwezi ya saa 12 na dakika 25 umeiweka sawasawa, kuchelewa kwa dakika kama 50 kila siku kunatoka kama inavyotakiwa, maji mafu, yale yanayopanda kidogo, yanaangukia pale yanapoangukia. Nimeridhika. Kisha nikafungua maelezo ya matumizi nikakuta Kiingereza kitupu kutoka juu mpaka chini. Mtu wa hapa kwetu Sahare asome nini hapo? Bamvua ina jina lake, ina jina zuri, na wewe umekulia kando yake. Hilo nalo sijalisamehe.

Unachotakiwa kufanya wala si kikubwa. Mnyang'anye ruhusa ya kutoa matoleo, kwa adabu, mwambie ni utaratibu mpya. Mtu mwema hatakasirika, na akikasirika umeshapata jibu. Kila badiliko lipitiwe na watu wawili. Yule mwenzako mliyesoma naye pale chuo, namjua mpaka kwao, kwa nini si yeye? Kifurushi cha kupakua kitengenezwe moja kwa moja kutoka kwenye msimbo unaoonekana, pasiwe na mafaili ya ziada. Na kama hakuna wa kumwachia, iache. Andika pale juu: mtunzaji yuko masomoni, matoleo mapya hakuna mpaka atakaporudi. Mwezi hautabadilisha mwendo wake kwa sababu wewe uko Kigali. Toleo ulilolitoa litaendelea kuwa sahihi.

Wakikusukuma, wakianza kukuandikia umelala, umezembea, mpe mwingine, uchukue simu unipigie. Ukichoka sema umechoka. Najua nyumba hii mtu akisema amechoka alikuwa anaambiwa anywe maji akamalize kazi, na maneno hayo aliyekuwa akiyasema siye baba yako. Sema tu. Nikijibu vibaya, sema tena.

Sasa, Kigali. Wenzetu wale gari zinapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza. Zoea hilo tangu siku ya kwanza, usiwe unatembea na simu usoni. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500, usiku una baridi, na wewe sweta huna, una majaketi ya kujionyesha. Shangazi yako anasuka moja, rangi usiiseme vibaya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasi. Saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja, ukipiga saa nne yako ya usiku huku ni saa tano, bibi amelala. Na hiyo saa moja kaiangalie kwenye programu vilevile. Kompyuta yako ikijibadilisha saa ikifika Rwanda, isije ikawapelekea wavuvi maji ya Kigali.

Hela ya luku usitume mwezi huu, bado tunazo yuniti. Simtanki limepasuka mguuni, fundi amesema linazibika, mimi naona halizibiki, tutaona. Nazi zimeshuka bei. Bibi yako tutampeleka kwenye macho wiki ijayo, daktari akisema ni mtoto wa jicho nitakujulisha, usianze kuuza vitu. Jirani amerudisha ngazi baada ya miezi mingi, imepungua kidato kimoja, anasema tulimpa hivyo.

Laptopu yako ya zamani mdogo wako anaisubiri kwa hamu. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, yule wa siku zote, na uandike namba yangu juu ya boksi. Usiifute, acha Ubuntu, Linux yake, kama ilivyo, ila toa mafaili yako na funguo zako za siri zote, narudia, zote. Na chaja usiisahau, maana ile iliyoko hapa waya wake umetafunwa na panya.

Mama yako