Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Meza Kubwa

Ndugu wanachama, mafundi wa mbao na mafundi wa mawe, dada zetu wa polishi, vijana wa kubeba, salamu zenu wote na poleni na majukumu. Katibu aliniambia niandike taarifa fupi lakini mwaka huu haufupishiki ndugu zangu, naandika usiku baada ya kufunga karakana na kila nikitaka kuishia nakumbuka jambo lingine.

Hesabu za chama mweka hazina atazisoma mwenyewe Jumapili, mimi nitagusa tu zile zinazohusu vifaa tulivyonunua kwa pamoja. Michango imeingia vizuri, wachache bado wanadaiwa na wanajijua.

Naanza na la Dodoma maana ndio limetufundisha kuliko yote, na wengine mmelisikia nusu nusu huko mtaani. Tulipata oda ya meza ya mkutano, futi 16 kwa futi 5, mbao za mtiki pande mbili na katikati mkanda wa granaiti wa inchi 18 unapita mwanzo mpaka mwisho. Mnajua tangu serikali ihamie Dodoma oda za ofisi za kule zimeongezeka, na sisi wa Keko tumezoea kutengeneza hapa hapa Dar kisha tunapakia kwenye lori. Meza ilitoka nzuri sana, nasema kwa moyo wote, watu walikuwa wanasimama nje ya karakana wanapiga picha. Mbao tulizinunua zikiwa hazijakauka vizuri na mteja alikuwa na tarehe yake ya ufunguzi, tukasema itatulia tu. Tukaibana ile mbao kwenye jiwe kwa gundi ngumu ya epoksi, chini tukaifunga kwenye fremu ya skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) kwa skrubu za kukaza moja kwa moja.

Mwezi wa pili baada ya kuifikisha nikapigiwa simu. Nilipoenda nikakuta upande mmoja ubao umepasuka kwa urefu, ufa unaingia kidole kidogo, na upande wa pili mbao imeachana na jiwe kabisa. Nililia ndani kwa ndani, sio kwa sababu ya hela, ila kwa sababu ile meza tulikesha nayo.

Sasa sikilizeni sababu, na hili nataka kila kijana alijue kama anavyojua jina lake. Mbao haifi hata ukishaikata, inaendelea kunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa ya pale ilipo, na inaponywa inatanuka upande wa upana, kwa urefu haisogei sana. Jiwe halina habari hizo, limelala tu. Ukichukua ubao wa mtiki wenye upana wa inchi 21 ukaushusha kutoka unyevu wa asilimia 20 mpaka 10, unasinyaa karibu sentimita nzima, na mtiki ni katika mbao zinazosifiwa kwa kutulia, je ungekuwa mti mwingine. Dar hapa hewa ina maji, bahari iko pale, hata uikaushe mbao kivulini miaka mitatu haitashuka sana chini ya 14 hivi. Dodoma kukavu, mvua yao ni ya msimu mmoja tu kama Desemba mpaka Machi au Aprili, halafu ndani ya ofisi kuna AC inakausha zaidi. Kwahiyo ile meza tuliipeleka mahali itakaposinyaa na tukawa tumeifunga pande zote isisinyae. Ikafanya nini? Ikapasuka.

Marekebisho tuliyafanya kwa gharama yetu na nashukuru kamati haikubisha. Tulizikalisha mbao kule kule Dodoma ndani ya chumba chenyewe wiki sita ndio tukaziranda upya. Zile skrubu za kukaza tukazitoa, kwenye fremu tukatoboa matundu marefu ili bolti iwe na njia ya kuteleza mbao ikitaka kusogea, washa pana (kile kibati cha duara cha bolti) chini, na kati ya mbao na jiwe tukaacha nafasi ya milimita 3 tukajaza silikoni badala ya epoksi. Jiwe linakaa kwenye fremu yake lenyewe, mbao kwenye yake, zinapakana ila hakuna anayemvuta mwenzake. Mpaka leo imetulia na mteja ametuletea mteja mwingine.

Ndio maana mwaka huu chama kimenunua mashine mbili za kupima unyevu, zile za sindano mbili unachoma kwenye mbao inakusomea namba, na tumejenga banda la kukaushia kwa jua. Banda lenyewe mmeliona, nailoni ya grini hausi juu, ndani mabati tumeyapaka rangi nyeusi, feni inazungusha hewa, mbao zimepangwa na vijiti katikati zisigusane. Sio kitu cha ajabu ila linashusha mbao mpaka pale ambapo kivuli cha Dar hakifiki. Usiku unalifunga, na hilo ni zuri maana mbao ikikaushwa fasta mfululizo inapasuka vichwani. Na vichwani tupake rangi au nta jamani, kopo la rangi iliyobaki lipo pale mlangoni halina mwenyewe.

Kuhusu mbao zenyewe. Mninga bado ndio kipenzi cha wateja, na mimi nikiulizwa kwa meza ya futi 14 kwenda juu nasema mninga kwanza, hausinyai sana, unarandika, harufu yake tu inakuambia uko kazini. Mkongo ni mzito na mgumu ila ukishakubali umekubali. Tatizo letu ni upana, mteja anataka ubao mmoja wa futi 3 kama alivyoona kwenye simu na miti ya hivyo imebaki michache, tumwambie ukweli kwamba mbao nne zilizounganishwa vizuri zinakaa bora kuliko ubao mmoja mpana ambao utajikunja kama bakuli. Na kila mzigo uwe na alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na TP yake, kile kibali cha kusafirishia, nimeshasema na narudia, mwaka huu kuna mwenzetu alikamatwa na mzigo wa rafiki yake na tukapoteza siku tisa tunahangaika. Baadhi yetu tumeanza kuchukua mkongo wa misitu ya vijiji kule Kilwa, misitu ambayo vijiji vyenyewe vinaisimamia na vilianza kupata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa, mwaka 2009, hela inabaki kijijini na karatasi ziko sawa. Bei iko juu kidogo. Mimi naona ni bei ya haki.

Mawe sasa. Kwanza tuliweke sawa hili neno marumaru maana linatuponza. Mteja akisema marumaru nusu ya watu wanaelewa taili za sakafuni, na wewe unamaanisha jiwe lenyewe, muulize, muoneshe kipande. Halafu akishachagua marumaru ya jiwe kwa meza ya kulia chakula mwambie mapema kuhusu ndimu. Marumaru ina chokaa ndani yake na asidi inaila, tone la ndimu au siki linaacha doa lisilong'aa, na nyumba gani ya kwetu italisha pilau bila kachumbari na ndimu mezani? Tuna mama mmoja mteja wa Moshi alisikitika sana kwa hili na alikuwa na haki, hakuna aliyemwambia. Granaiti haina shida hiyo. Kama huna uhakika jiwe ulilouziwa ni lipi, dondoshea ndimu upande wa chini usioonekana, likifubaa au kutoa povu dogo hilo sio granaiti.

Uzito ndio adui wa karakana ndogo. Granaiti ya sentimita 3 ni kama kilo 81 kwa kila mita ya mraba. Ule mkanda wa Dodoma peke yake ulikuwa karibu kilo 180, yaani mifuko mitatu na nusu ya sementi, na mkanda wenyewe ni vipande viwili kwa sababu slabu, yaani bamba zima la jiwe, haziji na urefu wa futi 16. Mteja mwingine alitaka meza yote juu iwe jiwe kwa vipimo hivyo hivyo, tukapiga hesabu ni kilo 600, tukamshauri mbao pembeni jiwe katikati akakubali. Na slabu haibebwi imelala hata siku moja, inabebwa imesimama kwa ubavu wake, maana jiwe linabeba mzigo mzito likikandamizwa ila likipindwa kidogo tu linakatika.

Hapa niseme la kijana wetu. Mwezi wa sita tulikuwa tunageuza topu ya mninga, yaani ubao wa juu wa meza, watu sita, karakana ya upana wa mita tano na nusu na ndani kuna mashine, hakuna pa kukanyagia, mmoja akateleza kwenye maranda na topu ikamshukia kijana mguuni. Alikaa wiki saba hafanyi kazi. Mfuko wa chama ulilipa matibabu na chakula cha nyumbani kwake, na namshukuru kila aliyeongeza cha mfukoni bila kuambiwa. Amerudi, anatembea vizuri, ila mimi ile sauti bado naisikia. Mwezi uliofuata tukanunua cheni bloku (mnyororo wa kunyanyulia mizigo) ya tani moja na tukaweka boriti ya chuma juu, sasa topu inanyanyuliwa inageuzwa taratibu na watu wawili. Naomba isiwepo karakana ya mwanachama inayogeuza kitu cha zaidi ya kilo 100 kwa mikono, njooni muazime, ni ya wote, bure.

Na vumbi. Nimewachosha na hili lakini sitaacha. Vumbi la granaiti lina silika, linakaa kwenye mapafu halitoki, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995 na la silika likafuata 1997. Kukata jiwe kwa grinda kavu kwenye chama hiki ni mwisho. Kata na maji, mpira wa maji uko pale, na barakoa iwe ile ya kichujio, sio kitambaa. Mzee wetu fundi mawe tuliyemzika mwezi wa Ramadhani, Mungu amrehemu, miaka yake ya mwisho alikuwa anapumzika kila baada ya hatua kumi. Yeye ndiye aliyetufundisha kugonga slabu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kabla ya kulipia, ikilia kama kengele ni nzima, ikilia bubu ina ufa ndani, na tangu atufundishe hatujanunua slabu yenye ufa hata moja. Hakuwahi kupata mtu wa kumwambia akate na maji. Nyie mnaye.

Mlango! Nilitaka kusahau. Mara mbili mwaka huu meza imekamilika haitoki au haiingii, mara moja tukavunja matofali matatu ya ukuta wetu wenyewe, mara nyingine imefika kwa mteja ghorofa ya nne na lifti haichukui hata nusu yake. Kuanzia sasa fomu ya oda ina ukurasa wa njia, kabla hujapokea advansi unaenda na tepu unapima mlango wa karakana, kona ya uchochoro, geti, ngazi na pale ngazi inapokata kona, lifti, mlango wa chumba. Kitu chochote cha zaidi ya futi 10 tunakitengeneza vipande viwili au vitatu vya kufungwa kwa bolti kwa chini, mistari ya mbao ikilingana vizuri mteja mwenyewe haoni kiungo. Ukitoa inchi 24 kwa kila mtu na ukaacha nafasi ya kona, meza ya futi 16 inakalisha saba kila upande na mmoja kila kichwani, jumla 16, msimwahidi mteja watu 20 halafu magoti yagongane na miguu ya meza.

Bei tuongee Jumapili, ila msimamo wangu ni huu na nitautetea: muda wa kukausha uandikwe kwenye bei na kwenye mkataba. Mteja akija na wiki tatu kwa meza ya futi 16 na mbao zetu bado ziko asilimia 20, tumkatalie kwa heshima, hata kama jirani ataichukua. Nimekataa oda mbili mwaka huu kwa sababu hiyo, na moja ilirudi baada ya miezi mitano.

Wanachama wapya tumepata, wakiwemo dada wawili wa polishi ambao kazi yao ya msasa wa maji kwenye granaiti imenifanya nirudi kujifunza upya.

Kikao ni Jumapili saa nne asubuhi, karakana ya mwenyekiti. Ajenda ni hesabu, bei, nani ashike ufunguo wa banda, na uchaguzi wa kamati ya vifaa. Viti njooni navyo. Meza ya futi 18 ya mteja wa Mwanza bado haijapakiwa, tutakaa kuizunguka hiyo hiyo, ila naomba mtu asiweke soda wala simu juu yake, koti ya mwisho ya polishi itakuwa bado haijakauka.