Bibi wa Barabara ya 12

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ile picha ya mti wa ukoo uliyotuma imefika. Mdogo wako aliikuza kwenye simu, nikaisoma jina moja moja. Kazi umeifanya, sina neno. Hata imamu nilimwonyesha baada ya Alasiri. Lakini unasema inakwenda kuchapishwa kwa ajili ya Idi, na shangazi yangu, Bibi wa Barabara ya 12, hayumo. Nilipokuuliza ukanijibu nafasi ni finyu, na kwamba hakuacha watoto, basi mstari wake unaishia palepale.

Nikuulize: wale ndugu wa babu yako umewatoa wapi? Si kwenye karatasi ya mirathi yake Bibi, ile niliyokupa kwenye bahasha ya kaki? Babu yako alipofariki tuliandikwa sisi watoto na mama yetu tu, maana palipo na mtoto wa kiume ndugu hawarithi. Bibi hakuwa na mtoto, wazazi na mume walishatangulia, ndiyo nyumba ya Ngamiani ikarudi kwa ndugu zake: kaka mafungu mawili, dada fungu moja, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Bila yeye ungechora tawi moja. Halafu umtoe!

Mtie. Na akae katikati ya kaka zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, asitupwe kwenye kona kwa herufi ndogo. Habari za tumbo lake usiziandike. Andika kwamba alikuwa akipika vitumbua alfajiri, na ada yangu ya shule ilitoka humo. Chuma chenyewe, kile cha vishimo saba, mama yako anakitumia mpaka leo.

Yupo na kaka yao aliyekwenda Burma na Keya, jeshi la Mwingereza, mwaka 1944, hakurudi. Hakuwahi kuoa. Kwenye mirathi ya dada yake hayumo kwa kuwa alimtangulia, na kwenye majina yetu hayumo pia: sisi tunabeba la baba na la babu, yeye abebwe na nani? Ukipanda kutoka kwako kwenda juu hutamkuta hata ufike kwa Nabii Nuhu. Wazee usiwaulize wana watoto wangapi. Waulize kwao walizaliwa wangapi. Shangazi yako wa Pangani bado anakumbuka. Nilikwambia umpigie tangu mwaka jana, ukasema kazi.

Shangazi akikupa karatasi za mirathi alizonazo, tazama mafungu. Mjane aliyepewa robo, mumewe hakuacha mtoto. Aliyepewa thumni, mumewe aliacha. Hapo utajua nani wa kuulizia.

Kaburi la Bibi bado lina kile kibao cha bati, rangi imebambuka. Saruji nayo bei haishikiki, na mwaka huu tumeezeka banda la kuku kwanza.

Hela ya Luku imefika. Tangi linavuja chini kwenye koki, fundi kaja, kalitazama, kachukua kianzio, hajaonekana tena. Mama yako anauliza samli utaichukua mwenyewe au aitume kwa basi. Na huyo wa kuchapa mpigie leo, usingoje Ijumaa; akishachapa atakudai upya.

Baba yako